Vicente del Bosque: Antrenere Asiyepiga Kelele

Somo kwa wote wenyi kuongoza wengine



Katika shule yetu wapenda mpira hawakosekani. Saa ya mapumziko, karibu na bomba la maji, utasikia majina ya wachezaji wa Ulaya yanatajwa kama majina ya ndugu wa nyumba moja. Kila mmoja anajua nani alifunga goli na katika dakika gani. Lakini uliza swali hili: "Na antrenere wao alikuwa nani? Yeye alifanya kazi gani?" Hapo wengi wananyamaza, ao wanajibu: "Ah, yeye alisimama tu pembeni."

Ndiyo maana nimechagua somo hili. Tutasoma juu ya Vicente del Bosque, mtu wa Hispania. Yeye ni antrenere wa kwanza kushinda makombe haya yote matatu: Kombe la Mabingwa wa Ulaya pamoja na klabu, Kombe la Dunia, na Kombe la Mataifa ya Ulaya. Na ukimtazama katika picha utashangaa: mtu mnene, masharubu makubwa, uso wa mtu anayengojea motokari kwenye kituo. Hakuruka-ruka pembeni ya kiwanja. Hakutukana mwamuzi. Hakujisifu mbele ya watu wa magazeti.

Swali la somo letu ni hili: kiongozi afanye nini akipewa kuongoza watu wenyi kujua kazi kumpita yeye mwenyewe? Swali hili si la mpira tu. Mwisho wa mwaka huu sisi wa mwaka wa sita tutaondoka. Mtachagua doyeni mpya, makapita wapya wa darasa, wakubwa wapya wa vyumba vya enternati. Kapita wa darasa mara nyingi si wa kwanza katika hesabu, wala si mwenyi nguvu kupita wote. Na hata hivyo darasa linamtazamia yeye. Tuone basi mtu huyu alifanya namna gani.

1. Mtoto wa mfanyakazi wa reli

Vicente del Bosque alizaliwa tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka wa 1950 katika mji wa Salamanca, mji wenyi université ya zamani sana. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Nyuma ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, vya 1936 mpaka 1939, baba huyo alifungwa kwa sababu ya mawazo yake ya siasa. Hatukuti hapa mtoto wa mkubwa aliyefunguliwa milango yote. Tunakuta mtoto wa nyumba ya kazi.

Mwaka wa 1968, akiwa na miaka 17, aliingia katika ekipe ya vijana ya Real Madrid. Klabu haikumpa nafasi mara moja. Ilimwazima kwa klabu nyingine, Córdoba na Castellón. Pamoja na Castellón alifika kwenye finale ya Kombe la Hispania mwaka wa 1973, wakashindwa na Athletic Bilbao. Kiisha alirudi Madrid, akacheza pale toka 1973 mpaka 1984. Alikuwa mchezaji wa katikati. Mbio hakuwa nayo sana, lakini alijua kutuma mpira mahali panapofaa. Alicheza zaidi ya michezo 300 ya shampiona, akashinda shampiona mara 5 na Kombe la Hispania mara 4.

Kitu kimoja hakukipata kama mchezaji: Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mwaka wa 1981 alicheza finale mjini Paris, na Liverpool wakawapiga 1-0. Shikeni neno hili, maana mji wa Paris utarudi tena katika somo letu.

2. Miaka mingi pamoja na vijana

Alipoacha kucheza hakukimbilia cheo kikubwa. Toka 1987 mpaka 1990 alifundisha Castilla, ndiyo ekipe ya pili ya Real Madrid, na nyuma ya hapo alisimamia shule ya vijana ya klabu. Kazi ile haina picha katika magazeti. Ni kazi ya kutazama watoto, kujua nani anakomaa upesi na nani anakomaa polepole, na kuongea na wazazi. Katika miaka ile wachezaji kama Raúl na Iker Casillas walipita katika shule hiyo.

Mara mbili, mwaka wa 1994 na tena mwaka wa 1996, klabu ilifukuza antrenere wake mkubwa, ikamwita Del Bosque ashike kiti kwa muda mfupi. Alipatikana mwingine mwenyi jina, na yeye alirudishwa kwa vijana. Fikiri wewe mwenyewe, msomaji. Unaitwa kuwa kapita siku chache, kiisha unaambiwa: "Rudi nyuma, mwenye kiti amefika." Wengi wetu tungekasirika na kuacha kazi. Yeye alirudi na kuendelea kufundisha vijana.

Hapa tunapata jambo la kwanza. Miaka ile haikupotea bure. Mwezi wa 11 mwaka wa 1999, klabu ilipomwondoa John Toshack na kumwita Del Bosque mara ya tatu, alikuwa anajua nyumba ile toka msingi mpaka paa. Sehemu ya wachezaji wakubwa aliwajua toka walipokuwa watoto.

3. Madrid, 1999 mpaka 2003

Mwaka ule Real Madrid ilikuwa vibaya. Katika shampiona walimaliza nafasi ya 5 tu. Lakini katika Kombe la Mabingwa waliwatoa Manchester United kule Uingereza kwa 3-2, wakawatoa Bayern Munich, na tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka wa 2000 wakapiga Valencia 3-0 katika finale. Magoli yalifungwa na Morientes, McManaman na Raúl. Finale ilichezwa Saint-Denis, karibu kabisa na Paris. Kile alichokikosa Paris kama mchezaji mwaka wa 1981, alikipata upande ule ule kama antrenere, nyuma ya miaka 19.

Kuanzia mwaka ule wa 2000, prezidenti mpya wa klabu, Florentino Pérez, alianza kununua nyota moja kila mwaka: Luís Figo mwaka wa 2000, Zinédine Zidane mwaka wa 2001, Ronaldo wa Brazili mwaka wa 2002. Sasa angalia shida ya antrenere. Katika chumba kimoja cha kubadilisha nguo kuna watu wanaolipwa sana, wanaojulikana dunia nzima, na kila mmoja amezoea kuwa wa kwanza. Ukiwapigia kelele, watakucheka. Ukiwaogopa, watakukalia. Del Bosque alichagua njia ya tatu: aliwaheshimu kama watu wazima, akasema kidogo, akaacha kila mmoja ajue kazi yake.

Matunda yake ni haya. Katika miaka karibu minne alishinda shampiona 2 (2001 na 2003), Kombe la Mabingwa mara 2 (2000 na 2002), Kombe la Super la Ulaya na Kombe la Mabara mwaka wa 2002, na Kombe la Super la Hispania mwaka wa 2001. Jumla makombe 7. Na katika Kombe la Mabingwa hakuna mwaka hata mmoja ambao hawakufika nusu-finale.

Nataka mkumbuke finale ya 2002, tarehe 15 mwezi wa 5, kule Glasgow, dhidi ya Bayer Leverkusen. Watu wengi wanakumbuka goli la Zidane, lile la mguu wa kushoto mpira ukiwa hewani. Ni goli zuri, sikatai. Lakini kuna jambo lingine. Casillas, kijana wa miaka 20, hakuanza mchezo ule. Alikuwa amepoteza nafasi yake, na César ndiye aliyelinda goli. Katika kipindi cha pili César akaumia. Casillas akatoka kwenye benchi, na katika dakika za mwisho akazuia mipira mitatu ya hatari. Madrid wakashinda 2-1. Yule wa benchi ndiye aliyeokoa kombe. Kama angekuwa amekaa pale akinung'unika na kulala usingizi wa hasira, finale ingeharibika.

4. Mtoto wa Kinshasa katikati ya kiwanja

Sasa tufike kwa mtu ambaye sisi wa Kongo hatuwezi kumpita bila kumsalimia. Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 1973. Baba yake pia alikuwa mchezaji wa mpira. Mtoto alihamia Ulaya akiwa mdogo, akakulia Ufaransa, akachezea Ufaransa. Mwaka wa 2000 aliingia Real Madrid.

Kazi yake ilikuwa nini? Figo alipopanda upande wa kulia, Roberto Carlos alipokimbia upande wa kushoto, Zidane alipokwenda mbele kutafuta pasi, nani alibaki nyuma kufunga mlango? Makélélé. Alinyang'anya mpira, akautoa kwa mwenzake aliye karibu, akarudi mahali pake. Magoli hakufunga sana. Picha yake haikuuza majezi. Mama akipika, mafiga matatu ndiyo yanabeba chungu na moto wote. Lakini chakula kikiisha kupakuliwa, nani anasifu mafiga?

Del Bosque aliona kazi ile. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa katikati, alijua uzito wake. Kwa hiyo Makélélé alikuwa mtu wa kila mchezo kwake. Mwaka wa 2003 Makélélé aliomba mshahara wake uongezwe, kwa maana wenzake wa mbele walipokea zaidi sana. Wakuu wa klabu walikataa, naye akaenda Chelsea, Uingereza. Katika miezi ile ile klabu ilimnunua David Beckham, mchezaji mwingine wa jina kubwa. Kule Chelsea, Makélélé alishinda shampiona ya Uingereza mwaka wa 2005 na 2006, na Waingereza wakaanza kuita nafasi ile ya uwanjani kwa jina lake. Mtoto wa Kinshasa alifundisha Ulaya kwamba kazi isiyoonekana ni kazi.

5. Kufukuzwa siku ya furaha

Tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka wa 2003, Madrid walishinda shampiona. Hata juma moja halikupita, klabu ikatangaza kwamba haitamwongezea Del Bosque mkataba. Fernando Hierro, kapita wa ekipe, naye akaambiwa aende. Prezidenti alieleza kwamba klabu inatafuta antrenere mwenyi nguvu zaidi katika mbinu na katika mazoezi ya mwili. Kwa neno lingine: huyu mzee wa masharubu ni wa zamani, tunataka wa kisasa.

Sasa nijibu wale wanaosema: "Pamoja na wachezaji kama wale, hata mimi ningeshinda." Ndugu, jambo hilo lilijaribiwa. Zidane, Figo, Ronaldo, Raúl na Roberto Carlos walibaki, na Beckham akaongezwa. Klabu ilileta Carlos Queiroz, nyuma yake José Antonio Camacho, kiisha Mariano García Remón, kiisha Vanderlei Luxemburgo, kiisha Juan Ramón López Caro. Maantrenere watano katika miaka mitatu! Mbali ya Kombe la Super la Hispania, walilopata mwezi wa 8 mwaka wa 2003, hawakupata kombe lolote mpaka shampiona ya 2007. Na Kombe la Mabingwa walilingojea mpaka mwaka wa 2014.

Sisemi kwamba sababu ilikuwa Del Bosque peke yake. Makélélé aliondoka, Hierro aliondoka, na wachezaji wengine walizeeka. Lakini hesabu inaonyesha kwamba nyota hazijipangi zenyewe. Kuna mtu aliyekuwa anazipanga, na kwa sababu hakupiga kelele, walifikiri hafanyi kitu.

Yeye mwenyewe alikwenda Uturuki mwaka wa 2004 kufundisha Beşiktaş. Haikufaulu, mwezi wa 1 mwaka wa 2005 aliondolewa. Nyuma ya hapo alikaa zaidi ya miaka mitatu bila ekipe. Watu wengi walihesabu kwamba kazi yake imekwisha.

6. Kupokea nyumba bila kuibomoa

Mwezi wa 6 mwaka wa 2008 Hispania ilishinda Kombe la Mataifa ya Ulaya, ikipiga Ujerumani 1-0 mjini Vienna. Antrenere alikuwa Luis Aragonés. Yeye ndiye aliyejenga mchezo ule wa pasi fupi fupi, Xavi na Iniesta katikati. Aragonés akaondoka, na mwezi wa 7 Del Bosque akachukua mahali pake, akiwa na miaka 57.

Tuangalie vizuri hapa, maana ndipo viongozi wengi wanaanguka. Mkubwa mpya akiingia, kitu cha kwanza anachotaka ni kuonyesha kwamba yeye ndiye mkubwa. Anabadilisha ratiba, anahamisha meza, anaondoa watu wa mkubwa wa zamani, hata wale waliofanya kazi vizuri. Anasema: "Sasa ni zamani zangu." Del Bosque hakufanya hivyo. Alikubali kwamba mtu mwingine alijenga vizuri. Aliacha mchezo ule ule na wachezaji wale wale, akaongeza polepole vijana aliowaona wanafaa: Gerard Piqué, Sergio Busquets, Pedro. Katika michezo ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, Hispania ilicheza 10 na kushinda yote 10.

Lakini mbele ya Kombe la Dunia walipata onyo. Mwaka wa 2009, katika Kombe la Mashirikisho kule Afrika ya Kusini, Marekani iliwapiga 2-0 katika nusu-finale. Hispania ilikuwa imecheza michezo 35 bila kushindwa.

7. Durban na Johannesburg, 2010

Kombe la Dunia la 2010 lilikuwa la kwanza kuchezwa katika udongo wa Afrika. Tarehe 16 mwezi wa 6, mjini Durban, Hispania ilianza kwa kupigwa na Uswisi 1-0. Mbele ya siku ile hakuna ekipe iliyokuwa imeshindwa mchezo wake wa kwanza na kuishia kuchukua kombe.

Kelele zikaanza. Watu wengi walisema: "Kwa nini kuweka Busquets pamoja na Xabi Alonso, watu wawili wa kulinda katikati? Toa mmoja!" Del Bosque hakumtoa. Aliwaambia waandishi kwamba kama yeye angekuwa mchezaji tena, angependa kufanana na Busquets. Mnaona? Ni mafiga yale yale. Jicho lililomwona Makélélé ndilo lililomwona Busquets. Na kwa ulinzi, Ramos, Piqué, Puyol na Capdevila walianza michezo yote 7, hata nyuma ya aibu ya Durban.

Lakini kusimama imara si kuwa na kichwa kigumu. Fernando Torres, mshambulizi wa jina kubwa, hakuwa na nguvu zake za kawaida. Del Bosque alimjaribu mara kwa mara, kiisha katika nusu-finale dhidi ya Ujerumani akamwacha kwenye benchi na kumpa Pedro nafasi. Puyol akafunga kwa kichwa, 1-0.

Finale ilikuwa tarehe 11 mwezi wa 7, Johannesburg, dhidi ya Uholanzi. Mchezo ulikuwa mkali, kadi za njano zikatoka nyingi. Arjen Robben alibaki peke yake mbele ya Casillas, na Casillas akazuia kwa mguu. Dakika 90 zikaisha 0-0. Sasa fuateni goli la dakika ya 116. Jesús Navas alianza kukimbia na mpira toka upande wao. Torres akatuma krosi, ikazuiwa. Mpira ukamfikia Cesc Fàbregas, naye akampa Andrés Iniesta, Iniesta akapiga. Goli! Navas, Torres na Fàbregas, wote watatu hawakuanza mchezo ule. Wote watatu walitoka kwenye benchi. Pamoja na Torres, yule aliyeondolewa. Hakuna aliyeingia akiwa amevunjika moyo.

Katika kombe zima Hispania ilifunga magoli 8 tu na kufungwa 2. Toka Kombe la Dunia lilipoanza mwaka wa 1930, hakuna mabingwa waliofunga machache hivyo. Walikuwa pia ekipe ya kwanza ya Ulaya kushinda kombe hilo nje ya Ulaya.

8. Ndugu wawili wanaogombana

Mwaka wa 2011 hatari nyingine ilitokea. Real Madrid na Barcelona walicheza michezo 4 katika siku 18, na chuki ikaingia. Wachezaji wa klabu hizo mbili ndio waliokuwa mbavu za ekipe ya taifa. Walipigana mateke na kutukanana kwenye klabu, kiisha wakatakiwa kula meza moja kwenye taifa. Kule Madrid kulikuwa José Mourinho, kule Barcelona Pep Guardiola, na magazeti yaliweka kuni kila asubuhi.

Casillas, kapita wa taifa, alichukua telefone akawaita Xavi na Puyol wa Barcelona ili wapatane. Kwa klabu yake mwenyewe, tendo lile halikumletea urafiki wa wote. Na Del Bosque, aliyekuwa mtu wa Madrid maisha yake yote, aliendelea kuwapa watu wa Barcelona nafasi ya kwanza katikati ya kiwanja, bila kupima mtu kwa rangi ya klabu yake. Hilo lilisema zaidi ya hotuba. Mwaka wa 2012 Casillas na Xavi walipewa pamoja Tuzo ya Mwana-Mfalme wa Asturias.

Mwaka ule ule wa 2012 Hispania ilikwenda Kombe la Ulaya. Mara nyingi Del Bosque aliweka Fàbregas mahali pa mshambulizi, na watu wakalalamika kwamba anacheza bila mshambulizi. Tarehe 1 mwezi wa 7, mjini Kyiv, walipiga Italia 4-0 katika finale. Silva, Alba, Torres na Mata walifunga. Ulaya 2008, Dunia 2010, Ulaya 2012: hakuna ekipe ya Ulaya iliyokuwa imefanya hivyo mbele yao.

9. Ubaya wa jambo zuri

Kama ningemaliza hapa, lingekuwa somo la kusifu tu. Lakini mwalimu wetu wa historia anatufundisha kwamba maisha ya mtu yasomwe mpaka ukurasa wa mwisho.

Mwaka wa 2013 Brazili waliwapiga 3-0 katika finale ya Kombe la Mashirikisho, Maracanã. Mwaka wa 2014, kwenye Kombe la Dunia, Del Bosque alikwenda Brazili na wengi wa mashujaa wake wa 2010. Walikuwa wamechoka, wengine miguu imezeeka. Tarehe 13 mwezi wa 6 Uholanzi iliwapiga 5-1. Tarehe 18 Chile iliwapiga 2-0. Katika siku 5 mabingwa wa dunia walikuwa nje. Mwaka wa 2016, kule Ufaransa, Italia iliwatoa kwa 2-0, na Del Bosque akaacha kazi. Alikuwa ameongoza michezo 114 ya taifa.

Kwa nini alianguka? Mimi naona hivi: anguko lilitoka mahali pale pale palipotoka ushindi. Hakuwaacha watu wake. Mwaka wa 2010 kutowaacha watu nyuma ya Durban kuliwapa moyo, kwa maana walikuwa bado na nguvu na walipotoshwa na siku moja mbaya. Mwaka wa 2014 kutowaacha kulikuwa kuwabebesha mzigo uliowapita. Tendo moja, lakini wakati tofauti. Labda mtu aliyefukuzwa mwenyewe kwa kuitwa "wa zamani" anaona vigumu kumwambia mwenzake: "Wakati wako umekwisha." Hilo ni jambo la kibinadamu. Lakini kiongozi analipwa, ao anachaguliwa, ili aseme hata maneno yale ambayo moyo hautaki kusema.

Hata hivyo heshima yake haikuanguka pamoja na matokeo. Mfalme wa Hispania alikuwa amempa cheo cha heshima mwaka wa 2011. FIFA ilimtaja antrenere bora wa mwaka wa 2012. Na mwaka wa 2024, chama cha mpira cha Hispania kilipokuwa katika machafuko, serikali iliunda kamati ya kukisimamia, na mtu waliyemchagua kuiongoza ni yeye. Wakati nyumba inavuja, watu wanakumbuka nani hakuiba vigae.

10. Tunachukua nini

Nimeandika mambo manne, kila mtu apime mwenyewe.

Kwanza: kiongozi haitaji kuwa bora kupita wote. Del Bosque hakuwahi kucheza kama Zidane. Kazi yake ilikuwa kufanya Zidane na Makélélé wahitajiane.

Pili: yule anayefagia mbele ya wengine hawajaamka, anayechota maji ya jiko, anayeandika majina ya wagonjwa wa enternati, huyo ni Makélélé wetu. Doyeni mpya asiyemjua kwa jina hatadumu.

Tatu: ukipokea kazi, uliza kwanza ni nini kinachokwenda vizuri, na ukiache kiende.

Nne: uaminifu ni mzuri, lakini una saa yake. Rafiki aliyefaa mwaka jana anaweza kuwa hafai tena mwaka huu, na ni wewe utakayemwambia, kwa heshima, uso kwa uso. Si kwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Maswali kwa mazungumzo ya darasa

1. Kama wewe ungekuwa mkuu wa Real Madrid mwaka wa 2003, na feza inatosha kwa mmoja tu, ungemwongezea Makélélé mshahara ao ungemnunua Beckham? Toa sababu.

2. Nyuma ya kushindwa na Uswisi, ni kwa alama gani antrenere anaweza kujua kama ekipe imekosa bahati siku moja ao imechoka kabisa?

3. Torres aliondolewa, kiisha akaingia katika finale na kufanya kazi. Kapita afanye nini ili mtu aliyeondolewa asigeuke adui?

4. Katika darasa lenu, ni kazi gani inayofanywa kila siku na haijasifiwa hata mara moja? Nani anaifanya?

Wenyi kuwa na majibu, ao wenyi kutaka kunipinga, waandike karatasi na kuiweka katika sanduku la buletini. Swali la 4 ningependa lijibiwe na kila darasa, na jina la mtu yule liandikwe wazi. Tutayachapa yote katika namba inayokuja.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa sita